Meza ya Tatu, Mtaa wa Hekalu

Meza yangu ni ya tatu kutoka mlango wa hekalu,
kati ya mpiga ramli na fundi wa meno ya bandia.
Miaka kumi na tisa nimekaa hapa Yau Ma Tei
nikiwasomea watu barua zao wenyewe.

Bahasha ya kahawia, muhuri wa taji:
mtu huishika kwa ncha za vidole, kama kaa aliye hai.
"Mwalimu Fung, wanasemaje?"
Nami hupachika miwani, hukohoa,
kisha hudanganya.

Uongo mdogo. Wengine hutia chumvi; mimi nilitia sukari.
Palipoandikwa *unaamriwa*, nilisoma *unaombwa*.
Palipoandikwa *usipotii*, nilisoma *ukipata nafasi*.
Kwa Bi Kwok Yuk-lan, muuza tofu ya kukaanga,
aliyenyang'anywa mkokoteni mara nne kwa kukosa leseni,
niliongeza hata *tafadhali*,
na mara moja, mbingu zinisamehe,
*tunakutakia heri ya mwaka mpya*.
Faini haikupungua hata senti.
Lakini aliondoka mezani pangu mgongo umenyooka.

Kisha vijana wakapita na karatasi za sahihi,
wanafunzi, makarani, dereva mmoja wa tramu,
wakidai lugha ya mama iingie ofisini kwa mlango wa mbele.
Nilitia sahihi. Nilitumia kalamu yangu bora.
Mpiga ramli akacheka:
"Fung, umekata tawi ulilokalia."
Nikamwambia, "Hilo hata bila ramli ungeliona."

Sheria ikapita. Mwezi wa pili, manyunyu.
Hakuna aliyewasha fataki.
Wateja wakapungua kama meno ya mzee.

Alhamisi Bi Kwok akaja na barua ya safu mbili,
Kiingereza kushoto, Kichina kulia,
wino uleule, muhuri uleule.
Hajui kusoma, si safu hii wala ile.
Mjukuu alikuwa keshamsomea, yuko darasa la nne,
kwa sauti ya kuhutubia,
kila neno kama lilivyo.

Kiti nilimsogezea. Hakuketi.
Aliilaza karatasi mezani, akainyoosha
kwa kiganja chenye harufu ya mafuta.

"*Unaamriwa*," alisema. "*Usipotii*.
Mwalimu, hawa watu wamepatwa na nini?
Kwa Kiingereza walikuwa na adabu."