Milango Minne

Mchagua jembe, walisema, si mkulima.
Basi mimi si mkulima. Mwezi wa nne huu nachagua,
na dola elfu kumi na tisa zimelala benki, Launceston,
zikinisubiri kama kuku aliyekalia mayai.

Nataka gari linalocheka kwenye kona.
Lakini mama ana goti la chuma,
ana kigari cha kutembelea, ana kliniki kila Alhamisi,
na hakunjiki kama shuka
apenyezwe nyuma ya kiti cha gari la milango miwili.
Kwa hiyo saluni. Buti la kutosha,
na chini ya boneti, Mungu anisamehe, moto.

La kwanza la Kijerumani, jeusi.
Muuzaji wa Hobart alilipapasa kama farasi wa mashindano.
Nililala chali chini yake na sare yangu ya uuguzi;
tone la oili likanidondokea kwenye nyusi,
likanieleza yote aliyoyaruka.

La pili karibu jipya.
Taa zake nyingi kama wodi ya mahututi ninakokesha,
linalia ukigusa mstari, linajibadilishia gia,
hata muungurumo wake, nikaambiwa, unatoka kwenye spika.
Halikuwa na kasoro.
Nikalirudisha kabla ya saa kuisha.

La tatu la Ivo Petrusma, mkulima wa viazi, Sheffield.
La Kijapani, bluu iliyopauka paani,
miaka kumi na minne, gia za mkono,
kirungu kimesuguliwa na kiganja chake
hadi namba zimefutika.
"Ya tatu hukwaruza asubuhi," alisema, sijamuuliza.

Tukapanda mlima, mama nyuma, mkoba mapajani.
Mvua imetoka kupita. Klachi nzito.
Usukani unanihadithia kila kokoto.
Kona ikaja, nikakanyaga breki
kwa heshima ya goti.

"Keryn," sauti ikatoka nyuma, "unafunga breki mapema mno.
Baba yako angekuwa ameshatokea upande wa pili."

Miaka arobaini na moja, sikujua
kwamba mwanamke huyu aliwahi kupenda kona.
Nikashusha gia. Ya tatu ikakwaruza, ikaingia,
injini ikapandisha pumzi, mbavu zikaegemea mlango,
na kiooni nikamwona ameshika mpini,
si kwa hofu.

Petrusma alitaka elfu kumi na nne.
Nikasema kumi na tatu.
Akamtazama mama, aliyekataa kushuka.
"Na nusu," akasema, "na gunia la viazi juu yake."

Rangi ya paa nitaishughulikia mwakani,
au nisiishughulikie.
Kliniki iko dakika kumi kutoka nyumbani.
Sisi hutumia hamsini.