Mbele Kidogo

Nilipewa faili moja, maandishi matupu,
mistari mia tatu na kumi na saba:
jina, mkato, idadi ya watu, mkato,
kisha tarakimu mbili ndefu zinazosema hapo.
Kabugho aliinakili kutoka daftari lililolowa,
na pale wino ulipotoa machozi
aliweka alama ya kuuliza, akaendelea.

"Ifanye ramani," mkuu wa ofisi alisema,
kama mtu anayeagiza chai.
"Alhamisi wageni wanatoka Kampala,
nao hawasomi orodha."

Nikakaa. Jioni za Kasese joto halishuki,
feni inazungusha hewa ileile kama fitina.
Nikaandika: fungua faili. Soma mstari.
Kata penye mkato. Chukua ya tatu, chukua ya nne,
weka nukta. Rudia hadi mwisho.
Nikajiona fundi.

Nikaiendesha,
na Kasese nzima ikahamia Algeria.

Nukta zangu zote zilitua jangwani,
juu ya mchanga usiojua mto;
watu waliolala juu ya mapaa siku mbili
sasa hawana hata tone la kuwatisha.
Latitudo ilikalia kiti cha longitudo,
na longitudo, kwa adabu, ikakaa cha mwenzake.
Nikawabadilishia viti. Watu wakarudi nyumbani.

Ila mabwawa ya chumvi ya Katwe yalipanda mlima.
Alama ya kutoa, kijistari chembamba kama unywele,
ilidondoka kati ya daftari na kibodi,
na wilaya hii ikweta imeipasua katikati:
kijistari kikianguka, ziwa linaamka mlimani,
na wachimba chumvi wanasimama na koleo zao
kwenye shamba la kahawa la mtu.

Usiku wa pili niliona majina yakijirudia.
Baluku. Baluku. Baluku tena.
Nikaiamuru programu ifute marudio,
ikatii upesi, kama kawaida yake.
Asubuhi Kabugho alicheka hadi akashika meza:
"Okiror, huko kwenu Teso hamkufundishwa?
Huku kifungua mimba wa kiume ni Baluku.
Mto uliwaacha, wewe ukawazamisha."
Tukawarudisha mmoja mmoja:
Baluku wa kinu cha pamba,
Baluku wa mlango wa buluu,
Baluku anayedaiwa na kila mtu.

Ikabaki nukta moja, mbali, baharini,
magharibi kabisa, pale sifuri inapokutana na sifuri.
Mstari wa mia mbili na nane.
Ithungu Jeresi, watu wanne,
na penye tarakimu Kabugho alikuwa ameandika maneno:
palipokuwa na migomba, sasa mto.

Programu haisomi migomba.
Ilitafuta namba, ikakosa, ikaweka sifuri,
ikamtupa mama wa watu katika Atlantiki
bila kunipa hata onyo.
Ningeweza kuufuta. Mkuu alisema ufute,
mmoja kati ya mia tatu, nani atahesabu?

Jumatano tulimfuata kwa dada yake, Nyakasanga.
Alikuja na kandambili na leso ya kanisani,
akatuongoza hadi Nyamwamba,
ambapo mawe meupe makubwa kama ng'ombe
yamelala ovyo, yamesahau yalikotoka.
Nikawasha simu, nikangoja ikamate setilaiti.
"Hapa, mama?"
Alitazama ng'ambo, akatazama mwamba,
akapima kwa macho umbali wa jiko na choo.
"Mbele kidogo."

Nikasogea. Maji yakaingia kiatuni.
Simu ikahesabu: sifuri nukta moja, nane…
"Hapa?"

"Mbele kidogo," akasema,
naye akavua kandambili,
akaingia.