Mawimbi Mapya

Nani alisema wa kwanza? Uvumi hauna cheti cha kuzaliwa.
Ulifika Kamalondo Jumatatu, kabla ya chai,
na kufikia saa sita ulishaoa, una watoto Katuba na Ruashi:
kwamba rulaji wamepokea radari mpya,
kwamba mawimbi yamebadilishwa usiku, kimyakimya,
na vile visanduku tulivyonunua mwaka jana
sasa ni viziwi, vimekaa nyuma ya kioo
kama maua ya plastiki.

Numbi alikuwa fundi redio. Sasa anauza masikio.
"Hiki," anasema, akikipangusa kwa shati,
"kinasikia mawimbi ambayo polisi wenyewe hawajayasikia."
Nikauliza: na kile cha mwaka jana?
"Kile kilisikia ya mwaka jana."
Ukijibiwa hivyo, unatoa pesa.
Nilitoa. Minervali ya Mwadi ikangoja.

Kililia mbele ya duka lenye mlango unaojifungua.
Kililia mbele ya benki.
Kililia chini ya mnara wa simu pale Bel-Air, kilio cha msiba,
nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili,
na lori la madini nyuma yangu
likanitukania mama kwa honi.
Kamwanya, mke wangu, aliyekuwa kimya tangu nyumbani,
akahamisha beseni la unga magotini, akasema:
"Kabla hujaogopa radari,
liulize gari lako kama limewahi kufika sitini."

Darajani Kafubu hakikulia.

Pale kuna kamba. Ya katani, imeungwa mara tatu,
ncha moja mtini, nyingine mkononi mwa askari
aliyekalia kreti ya bia.
Kamba haina mawimbi.
Akainyanyua. Nikasimama.
Akaomba hati, akazisoma kichwa chini miguu juu,
akaomba ya maji, nikampa,
akaikunja ndogo, ndogo zaidi, ikapotea kiganjani.
Basi ningekuwa nimekwenda.
Lakini jicho lake lilishatua kwenye kisanduku,
na taa yake nyekundu ndogo, inayopumua bure.
Akatazama nyuma, kama kamanda yuko kwenye majani.
Akainama dirishani, sauti ameishusha
kama mtu anayeulizia dawa ya ugonjwa wa aibu:

"Patroni, ni kweli wanavyosema,
kwamba sisi tumepata mawimbi mapya?"