Sauti Moja ya Torgom

Niliitwa maktabani kwa ajili ya rejeta,
si kwa ajili ya wimbo.
Januari ile Yerevani ilikuwa imekaza meno,
na bomba la chumba cha hati lilia usiku kucha
kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama.
Nikapiga magoti, nikalitegea sikio,
nikavuma nalo nijue kasoro iko wapi.
Ndivyo alivyonifunza baba:
bomba huulizwa kwa sauti yake.

Varditer alikuwa mezani, miwani juu ya miwani.
Hakunisalimu.
"Hiyo," akasema. "Irudie hiyo. Usiipandishe."

Mbele yake ukurasa mmoja wa ngozi ya ndama,
uliokuwa jalada la daftari la madeni miaka mia tatu:
fulani, magunia sita ya shayiri;
fulani, kondoo, hajalipa.
Chini ya madeni, sala.
Juu ya sala, vijialama:
ndoano, unyayo wa ndege, ukope ulioanguka.
"Khazi," akasema. "Kila moja ni mwendo wa koo.
Waliozisoma walikufa wote
bila kudhani kuna mtu angeuliza."

Kweli, nani huandika namna ya kuchemsha maji?

Sasa kila Alhamisi tuko sita.
Nshan, daktari wa meno, ananuka karafuu.
Shogher anauza simu kuukuu.
Mapacha wa Garegin, wasioaminiana hata kwa pumzi.
Varditer, asiyeimba, anayekunja uso.
Na mimi, fundi, nina sauti moja tu.
Wao hupanda, huteremka, hujizungusha;
mimi nabaki pale pale, sakafu,
nikisikia nyayo zao juu yangu.

Ndoano ya mstari wa nne ilitugombanisha.
Inapanda, alisema Shogher.
Inashuka, alisema Nshan, huoni mkia?
Tukanuniana wiki tatu
kwa mkwaruzo usiozidi punje ya ufuta,
mpaka ilipoletwa taa ya zambarau
ikaonekana si wino.
Ni choo cha nzi.

Tulicheka mpaka pacha mmoja akashikwa na kwikwi.
Ila Nshan huiimba bado, akishuka taratibu,
na hakuna anayemkatiza, maana pale ni pazuri.
Nzi naye apewe haki yake ya utunzi.

Februari tukapanda milimani, kanisa dogo lisilo na umeme,
wasikilizaji kumi na mmoja na mbwa.
Pumzi zetu zilionekana kabla ya kusikika.
Katikati ya ukurasa ngozi ina tundu,
la tangu ndama alipokuwa hai,
na mwandishi amelizunguka:
nusu ya neno huku, nusu ng'ambo.
Shogher alitaka tulizibe kwa noti zake, alikuwa nazo tayari.
Varditer alikataa.
"Kwenye tundu mnanyamaza. Hesabuni nne."

Hakusema kama na mimi ninyamaze.

Wakanyamaza.
Nikabaki peke yangu ndani ya tundu lile,
moja, mbili,
mbwa akainua kichwa,
tatu,
na sikujua kama hivi ndivyo alivyosikia yule mtu,
mikono yake ikiwa na baridi kama yangu.
Najua tu kwamba hakuitupa ngozi.
Aliinua kalamu, akavuka.
Nne.
Wakaingia wote, mapacha wakiwa wamechelewa.

Mtu mmoja alipiga makofi, akaona haya, akaacha.
Njiani Varditer alilala akiwa ameegemea dirisha la gari,
mdomo wazi kidogo.

Jumatatu niliitwa kwa mjane wa ghorofa ya tatu.
Bomba lake linalia, halimpi usingizi.
Nikatega sikio.
Lilikuwa chini kidogo ya sauti yangu,
chini na pana, kama mtu
anayengoja wengine waanze.
Nikakaza nati mbili, likanyamaza.
Mjane akanishukuru, akanifungia mkate.

Nilisimama kwenye ngazi na spana mkononi,
nikijuta.