Kakakuona Namba Kumi na Moja

Tulimkuta kwenye gunia la mkaa, stendi ya Manyoni,
amejikunja kama ngumi
isiyojua imemkasirikia nani.
Askari akahesabu noti za mtuhumiwa.
Mimi nikahesabu magamba, nikakosea, nikaanza tena.

Wiki ya pili tulimfungulia Swaga Swaga,
redio ndogo imebandikwa kwa gundi kwenye gamba la nyonga,
saizi ya kokwa mbili za ukwaju.
Hakuaga. Alishika njia kwa miguu ya nyuma,
mikono ameikunja kifuani
kama mtu anayekwenda kuomba mkopo.

Tangu siku ile kazi yangu ni kumfuata.
Usiku, antena begani kama reki,
Chilewa nyuma yangu na tochi na malalamiko:
viatu, mshahara wa Juni, baridi ya Farkwa inayouma masikio.
Namwambia nyamaza.
Na kwenye spika: tik.
Tik ndogo, kavu,
kama mtu anamenya karanga chumba cha pili.
Huyo. Mzima. Anafukua mchwa.
Andika saa. Andika nyuzi za dira.
Usiandike kwamba nimecheka.

Mama alinipigia kutoka Mvumi:
je, mmemwekea maji, na unga, na mkuki,
achague, tujue mwaka ni wa mvua au wa vita?
Nikasema, mama, huyu haulizwi, huyu anafuatwa.
Akanyamaza kidogo.
"Na wewe unayemfuata, nani anakufuata?"
Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na salio la dakika mbili.

Katikati ya Septemba, tik ikahamia upande wa nyumba za watu,
ng'ambo ya Bubu, mto ambao mwezi huo ni mchanga tu.
Usiku wa kwanza palepale.
Wa pili palepale.
Wa tatu.
Kakakuona asiyesogea siku tatu
ni supu, au ni gunia jingine.
Chilewa hakulalamika njia nzima.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Nyumba ya matofali mabichi, mabati yameshikwa kwa mawe.
Desderia akatoka, unga wa uwele hadi viwikoni.
"Mnatafuta nini?"
Nikaona haya kutaja. Antena ikataja,
ikanyoosha shingo kuelekea uvunguni.
Mwanawe, Ladislausi, akaleta kopo la maziwa ya unga:
vizibo, msumari uliopinda, goroli moja,
na gamba, limevunjika ukingoni,
redio yetu bado imeling'ang'ania,
inapiga tik kwa bidii ya kibarua
ambaye hajaambiwa kazi imekwisha.

"Niliokota kwenye kichuguu. Nilidhani ni kifungo cha koti."

Nililigeuza. Nililinusa. Halikuwa na damu.

Kulipokucha mtoto akatupeleka.
Kichuguu kimefukuliwa usiku uleule,
udongo bado una unyevu wa ndani,
na kati ya nyayo, mfuo wa mkia,
mwembamba, umepinda mara moja kukwepa kisiki,
kisha ukaingia vichakani.

Fomu ina kisanduku: Ishara. Niliandika, hakuna.
Kisanduku: Mahali alipo. Nikakiacha wazi.
Makao makuu Dodoma watapiga simu, watataka nukta kwenye ramani.
Kaka kaona. Dada kaona mfuo tu.

Tukarudi kwa miguu. Jua likapanda.
Chilewa akaanza: viatu, Juni, baridi.
Sikumnyamazisha.