Ua la Mwezi wa Sita

Ukilibana tumba lake kabla halijachanua
linatoa wino mwekundu, unaganda kwenye kucha.
Mama mkwe alinionyesha, huko juu Kastamonu,
kando ya reli isiyopitiwa tena na treni:
"Tazama. Damu huijua damu."
Nami ni nani nimbishie? Anayenyauka ni mwanawe.

Asubuhi Shukru alimeza kidonge cha hospitali
kwa maji na uso wa kukunja.
Jioni nilimpa chai yangu
katika bilauri ndogo yenye kiuno chembamba.
Hiyo aliinywa taratibu, amefumba macho,
akasema anaonja malisho ya utotoni.
Kidonge kilikuwa cha daktari. Chai ilikuwa yetu.

Machi hesabu ikapanda.
Aprili ikapanda tena.
Daktari Feraye aligeuza karatasi huku na huku
kama mtu aliyeangusha sindano kwenye zulia.
"Unaruka dozi?"
"Siruki."
Dozi ikaongezwa. Nami, kwa hofu, nikaongeza chai.

Ndipo siku moja akaweka kalamu chini,
akanitazama mimi, si yeye,
mimi niliyekaa na makoti mawili mapajani:
"Na wewe, unampa nini nyumbani?"

Miaka miwili, hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nilingoja kufokewa. Alisema tu, "Niletee, nione."

Nikalileta kwenye mfuko wa mkate.
Akalinusa. Akaandika jina lake kwenye faili
herufi kwa herufi, kama la mgonjwa mpya.
Akasema ua hili halina nia mbaya,
ila hukiharakisha kidonge kitoke mwilini,
kama mwenyeji anayemvisha mgeni viatu
kabla hajaketi.

Usiku ule nililia jikoni, bomba nimelifungulia.
Si kwa aibu tu.
Mikono yangu ilikuwa imepata kazi,
sasa imerudi kuwa mikono.

Hesabu imeshuka. Si sana. Inashuka.
Chupa bado iko dirishani;
sijui namna ya kutupa
kitu alichokichuma mama kwa magoti yake mabovu.

Jana Makbule wa ghorofa ya tatu akabisha hodi.
Kaka yake, ugonjwa huo huo. Amesikia nina dawa.
Nilishika kifuniko. Sikukizungusha.
"Ingia," nikamwambia, "vua viatu, keti kwanza.
Anameza nini kingine?"