Ishirini na Kumi

Ngazi za kwetu Mabatini hazikujengwa, zilibembelezwa:
saruji kidogo hapa, pale jiwe lililokubali,
mpaka mlangoni, chini ya jabali
ambalo mvua na jua vimeshindwa kulihamisha.
Chekechea imefungwa, Juni imekauka,
na Limi, miaka minne na meno yote,
ananipandisha nyumbani kwa hesabu.

Ishirini na nane. Ishirini na tisa.
Ishirini na kumi.
Hapo mimi husimama, mkono kiunoni,
naye hudhani nasimama kwa heshima ya namba.

Likizo hii hatukwenda popote.
Nauli ya Ukerewe tulinunulia beseni,
kanga doti mbili, pamba, nyembe, mipira ya mikono,
vyote ndani ya mfuko mmoja nyuma ya mlango.
Limi huukagua kila asubuhi kama karani wa bohari:
"Mtoto bado hajaletwa."

Sayi hurudi alfajiri kutoka kiwanda cha minofu.
Huniwekea tumboni kiganja chenye baridi ya samaki,
na aliye ndani hugeuka, akilalamika.
"Baba! Alikuwa amelala."

Fundi wa Kirumba alileta kitanda.
Cha mtu mkubwa, tulimwambia Limi.
Akalala chini yake siku nne,
yeye, kandambili, na kopo la vifuniko vya soda.
Siku ya tano akahamia juu bila hotuba,
akajichomekea chandarua mwenyewe.
Nililia jikoni nikasingizia moshi,
na sisi tunapikia gesi.

Kliniki, Nesi Koku alimpa ile baragumu ndogo ya bati.
Limi akabana sikio, akaziba pumzi.
"Mama, anakimbia!
Anakimbilia wapi?"
Hakuna aliyejua. Nesi akaandika kwenye kadi.
"Wiki ngapi?" akauliza mwanangu, mikono nyuma.
"Ishirini na kumi," nikajibu kabla ya mwenye kalamu.
Nesi akatutazama, akahesabu kwa midomo,
akasema, "Ni kweli."

Jioni tunaanua nguo juu ya jabali,
pimbi wakituchungulia kama majirani tunaowadai.
"Mtoto atanyonya ziwa?"
"Atanyonya."
Akageuka kule, ng'ambo ya mabati,
maji yalikokuwa yameshika jua mpaka yakakosa mwisho.
"Lote?"

Nilicheka hadi nikakaa chini, shuka mapajani.
Yeye hakucheka. Alikuwa ameshaanza kugawa.
"Yeye apewe upande wenye magugu."
Kimya.
Kivuko cha Kamanga kilikuwa kinakuja taratibu,
kidogo kama kiatu chake.
"Na kivuko?"
"Cha nani?"
Akafikiri, akakung'uta soksi isiyo na vumbi.
"Tutapanda wote. Lakini mimi dirishani."

Kuhusu jina, Sayi anasema akija na mvua, Mabula.
Limi tulimpa kwa jua la siku ile,
lililoingia wodini likakaa kitandani kama mgeni wa karibu.
Limi mwenyewe anapendekeza Pimbi,
na wiki nzima amemwita hivyo, kupitia kitovuni,
mdomo umegusa gauni, sauti ya chini:
Pimbi, leo tumekula sato.
Pimbi, kule kuna giza?
Pimbi, usije usiku, mama anaogopa ngazi.
Sikuwahi kumwambia kwamba naogopa.

Shule zimefunguliwa. Sare imefupika vidole viwili.
Jana, ngazini, alifika ishirini na tisa,
akavuta pumzi, akasema:
"Thelathini."
Akaipita. Thelathini na moja, thelathini na mbili,
mkoba ukimpigapiga mgongoni, hakugeuka.

Nilibaki pale pale, mkono kiunoni.
Mjusi alipanda jiwe, akasimama, akapanda tena.
Kutoka juu: "Mama, mbona hupandi?"
Nakuja, nilisema.
Kisha, polepole, kwa yule wa ndani peke yake,
ishirini na kumi,
ili awepo mtu mwingine anayeijua.